Kutoka Gari la Ng'ombe hadi Ua wa Tuwan: Historia ya Utunzaji wa Breki Kitale na Bungoma

Ufundi wa breki katika miji ya Kitale na Bungoma haukuzaliwa katika gereji kubwa. Ulianza nyuma ya magari ya ng'ombe, ukaingia katika karakana za mashamba ya walowezi, kisha ukatua kwenye nyua na kando za barabara za mitaa kama Tuwan, ambako hadi leo gari huinuliwa kwa jeki mbele ya mlango wa mwenyewe. Tuwan ni mtaa wa Kitale uliosongamana, na wakazi wake walitoka pande nyingi: Bungoma, Kakamega, Pokot Magharibi, Turkana na miteremko ya Mlima Elgon. Kisa cha breki mahali hapa ni kisa cha nani aliruhusiwa kushika spana, alijifunzia wapi, na spea zilimfikia zikiwa katika hali gani.

Ardhi yenyewe iliufanya ufundi huu kuwa wa lazima. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, barabara hupanda hadi Kapenguria, zaidi ya mita 2,000, kisha huteremka kupitia Marich hadi Lodwar, iliyo karibu mita 500 tu. Upande wa kusini, barabara ya Kiminini na Kamukuywa hushuka kuelekea Webuye, na Bungoma iko chini zaidi, mita 1,400 hivi. Wakati wa mvua udongo mwekundu hugeuka tope linalonata kwenye magurudumu. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi laini lisilozuilika. Vyote viwili huingia ndani ya breki, na vyote viwili hula chuma.

Breki za kwanza zilizohitaji matengenezo ya mara kwa mara hapa zilikuwa za mti. Mwaka 1908 kundi la Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg lilipanda kutoka Nakuru hadi nyanda za Uasin Gishu kwa magari yanayovutwa na ng'ombe, na baada ya hapo walowezi wengine walisonga mbele hadi Trans Nzoia, eneo la Kitale. Gari la aina hiyo lilivutwa na jozi nyingi za maksai na lilibeba mzigo mkubwa kupita uwezo wa wanyama kuuzuia kwenye mteremko. Kwa hiyo nyuma yake palikuwa na skurubu ndefu ya chuma yenye mpini. Mtu aliyetembea nyuma ya gari aliuzungusha mpini huo, na magogo mawili ya mti mgumu yakajibana kwenye magurudumu ya nyuma. Mteremko ukizidi, kiatu cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kiliwekwa chini ya gurudumu ili liburuzike badala ya kuviringika.

Kazi ya mtu wa nyuma ndiyo ilikuwa kazi ya breki ya kwanza ya kuajiriwa katika eneo hili, na mara nyingi ilifanywa na vijana wa Kiafrika. Aliyeifanya alijua mambo ambayo fundi wa leo bado anayahitaji: breki iliyobanwa mapema mno huungua, iliyochelewa haisaidii, magogo hayaliki sawasawa, na mti uliolowa hauna mshiko. Magogo yalipoisha yalichongwa mengine kwa shoka palepale njiani. Hapakuwa na duka la spea wala haja ya duka, kwa kuwa kila sehemu ya breki ilionekana kwa macho na kuguswa kwa mkono.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba askari wa zamani wa Uingereza uliongeza idadi ya walowezi, na tawi la reli lilipofika Kitale mwaka 1926 safari ndefu za magari ya ng'ombe zilianza kupungua. Wakati huohuo magari ya petroli yalikuwa yameshaingia, mengi yakiwa ya Kimarekani. Ford Model T ilipendwa kwa sababu ilikaa juu na kuvuka matope, ila breki zake zilikuwa dhaifu. Pedali ya mguu haikushika magurudumu hata kidogo. Ilikaza mkanda uliozunguka dramu ndani ya gia. Mkanda huo ulivishwa kitambaa cha pamba kilichochakaa upesi, na kitu chochote kikikatika kati ya gia na ekseli ya nyuma, pedali ilibaki bila kazi. Dereva alibakiwa na wenzo wa mkono uliobana dramu ndogo za nyuma, na chini ya Mlima Elgon msaada huo ulikuwa mdogo.

Magari yaliyofuata yalikuwa na breki kwenye magurudumu yote manne, zikivutwa kwa fito na nyaya. Hapa ndipo matengenezo yalipoanza kuwa ufundi unaohitaji subira. Fito nne zilipaswa kuvutwa kwa nguvu sawa. Tope likigandamana kwenye kiungo kimoja, gari lilivutwa upande mmoja kila lilipozuiwa. Fundi aliinua gurudumu baada ya gurudumu, akakaza nati hadi gurudumu likakwama, akairegeza kidogo, kisha akaenda barabarani kujaribu na kurudi kuanza upya. Ford iliendelea na mfumo huo hadi ilipoanza kutumia breki za mafuta kwenye magari yake ya 1939, ingawa Duesenberg ilikuwa imeuza gari lenye breki za mafuta tangu 1921 na Chrysler ilifuata 1924. Shamba la Trans Nzoia lililonunua gari kuukuu liliishi na fito kwa miaka mingi baada ya viwanda kuziacha.

Gereji za mijini zilikuwa chache. Mafundi wa Kihindi, wengi wao Masingasinga wenye mizizi katika karakana za reli, ndio waliofungua nyingi katika miji ya bara, na Waafrika waliajiriwa humo kama spana boi: kuosha vipuri, kushika taa, kufungua nati zilizoganda. Hata hivyo, shule kubwa zaidi ya breki haikuwa mjini. Ilikuwa shambani. Mashamba ya mahindi yalikuwa makubwa na mbali na mji, trekta na lori ziliharibika katikati ya mavuno, na kila mlowezi mwenye uwezo aliweka kibanda cha mabati chenye vaisi, tanuri dogo la mhunzi na rafu ya spana. Mlowezi aliagiza; aliyelala chini ya lori alikuwa mfanyakazi wake. Kwa jinsi hii maarifa ya breki yalihamia mikononi mwa watu ambao hawakuruhusiwa kumiliki ardhi waliyoyajifunzia, na pengine hawakuwa na gari hata moja katika ukoo mzima. Ukweli huu haujapewa uzito wake katika historia ya nyanda za juu. Inasimuliwa sana habari ya mbegu na ng'ombe wa maziwa, na kidogo mno habari ya waliozifanya lori zisimame.

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza kundi la pili la mafundi. Jeshi lilihitaji madereva na mekanika kwa maelfu, na vijana kutoka Magharibi mwa Kenya walifunzwa kuendesha na kutengeneza lori zilizofika Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi baada ya 1945 walikuwa wamezoea breki za mafuta, jambo ambalo mafundi wengi wa mashambani hawakuwa wameliona. Walijua kwamba pedali husukuma mafuta kutoka kwenye silinda kuu, yaani masta, mafuta hupita katika bomba jembamba, na silinda ndogo kwenye gurudumu hutanua viatu viwili vya breki dhidi ya dramu. Walijua pia adui mkuu wa mfumo huo: hewa. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa hukubali. Tone la hewa likiingia, pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Kutoa hewa kwenye breki kulileta desturi ambayo haijabadilika tangu wakati ule. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi penye usukani, mwingine hulala kando ya gurudumu akiwa na spana kwenye nati ndogo ya kutolea hewa, mpira mwembamba ukiwa umeingizwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Wa chini huita, "Pampu!" Wa juu hukanyaga mara kadhaa. "Shikilia!" Pedali hukandamizwa na kushikwa, nati hufunguliwa, mafuta na mapovu hutoka, nati hufungwa. "Wacha!" Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta na kumaliziwa lililo karibu. Asiyeisubiri nati ifungwe kabla ya kuachia pedali huivuta hewa irudi ndani, na kazi yote huanza upya. Watoto wengi wa mafundi waliingia katika ufundi huu kwa kukanyaga pedali wakati miguu yao ndiyo kwanza inaifikia.

Land Rover, iliyoanza kuundwa mwaka 1948, ilikuwa gari la kufundishia kuliko mengine yote. Shamba, polisi, misheni na ofisi ya mkuu wa wilaya zote zilikuwa nayo. Dramu zake zilirekebishwa kutoka nje: bolti iliyo nyuma ya gurudumu ilizungushwa kwa spana hadi gurudumu likakamate, kisha ikarudishwa kidogo hadi lizunguke huru. Kazi hiyo haikuhitaji kuvua gurudumu, na mtu yeyote mwenye jeki na spana aliweza kuifanya nyumbani kila wiki.

Ufundi ulioheshimiwa zaidi ulikuwa wa kuvisha viatu vya breki lainingi mpya. Viatu vyenyewe vilikuwa vya chuma na havikutupwa. Ribiti za zamani zilitobolewa na kung'olewa, lainingi iliyolika ikabanduliwa, kiatu kikasuguliwa hadi kikang'aa. Lainingi mpya ilibanwa juu yake na kupigwa ribiti kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kwa kuwa aliyeanzia kwenye ncha aliacha tumbo katikati na lainingi ikapasuka. Vichwa vya ribiti vilizamishwa chini ya uso wa lainingi. Kichwa kimoja kikichomoza huchimba mfereji katika dramu. Mwisho fundi alipaka chaki ndani ya dramu, akaifunga na kuizungusha, akatazama mahali chaki ilipoacha alama, akapiga msasa palipozidi. Fundi aliyejua kazi hii hakukosa wateja, na ujuzi wake ulionekana kwenye mteremko wa kwanza.

Kazi hiyo ilikuwa na sumu ambayo hakuna aliyewaeleza. Tangu 1908 kampuni ya Ferodo ya Uingereza ilitumia asbesto katika lainingi kwa sababu inastahimili joto, na watengenezaji duniani kote wakafuata. Msasa na patasi vilitoa unga mweupe. Fundi aliifungua dramu, akaupuliza unga huo kwa mdomo au kwa pampu ya upepo, akauvuta. Madhara ya asbesto kwenye mapafu hujitokeza miaka kumi, ishirini au arobaini baadaye, na wakati huo hakuna anayekumbuka dramu. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, na kanuni za Kenya za mwaka 2006 za usimamizi wa taka ziliiweka asbesto miongoni mwa taka hatari. Lainingi za siku hizi nyingi hazina asbesto, lakini vumbi lolote la breki halifai kupulizwa. Hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa, na kitambaa hutupwa.

Uhuru wa 1963 na mipango ya makazi viligawa mashamba mengi ya walowezi. Karakana za mashambani zilipotea moja baada ya nyingine, na watu wake wakaingia mjini. Walikopanga vyumba ndiko walikofanyia kazi, na mitaa ya Kitale ikapata mafundi waliokuwa wameshashika spana kwa miaka mingi bila cheti chochote. Kusini yake viwanda vilikuwa vinaongeza magari: kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills huko Webuye, kilichohitaji magogo kutoka misituni, na Nzoia Sugar, iliyoundwa 1975, iliyohitaji miwa kutoka mashambani. Lori la magogo likishuka mlimani huzipa breki kazi ambayo gari dogo haliijui. Taniboi wa lori hizo alibeba kabari ya mti, na gari liliposimama mlimani aliruka na kuisukuma nyuma ya tairi. Baada ya miaka sitini, mti ulikuwa bado unasaidia chuma.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na biashara ikatanuka kwa kasi. Katika barabara za magharibi, Peugeot ndiyo ilikuwa farasi. Modeli ya 404, kisha 504 iliyotoka 1968, zilibeba abiria kati ya Kitale, Eldoret, Bungoma na Nairobi zikiwa zimejaa kupita kiasi. Modeli ya 504 ilileta diski kwenye magurudumu ya mbele, huku pikapu na stesheni zikibaki na dramu nyuma. Diski iliyarahisisha matengenezo kwa namna ya ajabu. Pedi hung'olewa na kuwekwa nyingine bila ribiti, bila chaki, bila siku nzima ya kazi. Kazi iliyokuwa ya fundi wa kuvisha lainingi ikawa kazi ya nusu saa, na dereva mwenyewe angeweza kuifanya stendi akisubiri abiria. Hasara yake ni kwamba pedi huisha haraka na kimya: asiyetazama husikia chuma kikikwaruza chuma baada ya diski kuharibika.

Serikali iliwatambua mafundi hawa kwa kuchelewa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ilisema wazi kwamba watu waliofanya kazi nje ya sekta rasmi walikuwa wazalishaji wa kweli, si kero ya kufukuzwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na kuagiza wajengewe vibanda, na tangu hapo vyama vya jua kali vilienea katika miji mingi, Kitale na Bungoma zikiwemo. Mitihani ya ufundi ya serikali, yenye gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, iliwapa waliojifunza shambani njia ya kupata cheti bila kukaa darasani. Vyuo kama Sang'alo na Kisiwa katika Bungoma vilifundisha vijana kwa vitabu na vipimo. Bado mafundi wengi wa breki wa mitaani walijifunza kwa kukaa na walimu wao chini ya gari, na hakuna aibu katika hilo mradi mwalimu mwenyewe alifundishwa vizuri.

Kulegezwa kwa uagizaji katika miaka ya 1990 kulibadilisha sura ya barabara. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalishuka Mombasa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwango cha KS 1515 kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Corolla, na baadaye Probox na Vitz, yakawa magari ya walimu, wafanyabiashara na wakulima. Mbele yana diski, nyuma mengi yana dramu zinazojirekebisha zenyewe. Mengi ni ya gia za otomatiki, na dereva asiyejua kushusha gia kwenye mteremko huiachia breki kazi yote ambayo injini ingesaidia. Wapo pia madereva wa lori wanaotia gia huru kwenye mteremko mrefu ili kuokoa dizeli. Tabia hiyo imeua watu wengi Salgaa, kwenye barabara ambayo magari ya Kitale na Bungoma huifuata kwenda Nairobi. Breki zinapopata joto la kupindukia, hakuna fundi duniani anayeweza kuzitetea.

Sababu yake imo ndani ya chupa ya mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, mvuke hubanwa kama hewa, na pedali huzama. Waliotia maji ya sabuni kwa kukosa mafuta walijitafutia mauti, kwa kuwa katika kimo cha Kitale maji huchemka karibu nyuzi 94. Oili ya injini nayo hufurisha mipira ya masta na silinda hadi breki zikwame au zivuje. Vilevile chupa iliyofunguliwa na kukaa dirishani kwa miezi si akiba, imeshanyonya unyevu. Pedi bandia ni hatari nyingine iliyokuja na soko huria. Sanduku hufanana na la kampuni maarufu, pedi hukauka na kumong'onyoka. Fundi mwaminifu humwonyesha mwenye gari pedi ya zamani na mpya kabla ya kufunga.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika 1954, hairuhusu gari bovu barabarani, na magari ya abiria na ya mizigo hukaguliwa kila mwaka. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza Februari 2004 zilidhibiti mwendo wa matatu usizidi kilomita 80 kwa saa na kufanya mikanda kuwa lazima. Zilisaidia breki bila kuzigusa, kwa kuwa joto la breki huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayepunguza kutoka kilomita 120 hadi 80 huziondolea breki zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha gari. Gari la mtu binafsi, hata hivyo, hutegemea zaidi macho ya mwenyewe.

Chombo kinachotengenezwa nyumbani kuliko vyote hapa si gari bali pikipiki. Kabla yake baiskeli za abiria zilitawala Bungoma na Busia, breki zake zikiwa mipira miwili inayobana rimu, na mpira ukiisha ukakatwa mwingine kutoka tairi kuukuu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na katika miaka michache bodaboda zikajaa kila njia panda. Breki ya nyuma ya pikipiki hiyo ni dramu yenye fito na nati moja. Mwendeshaji huikaza kwa vidole jioni, nyumbani kwake, jinsi Land Rover ilivyokazwa kwa spana. Hatari iko hapo hapo: nati hukazwa wiki baada ya wiki hadi uzi uishe, na mwenyewe hudhani breki bado zipo kwa kuwa nati bado inazunguka, ilhali lainingi imebaki unene wa karatasi. Anayebeba magunia ya mahindi kutoka Endebess au Kiminini hana budi kuifungua dramu na kutazama ndani.

Kwa gari dogo, kazi ya nyumbani inayoweza kufanywa salama ni hii. Gari huwekwa mahali tambarare na magurudumu mengine huzuiwa kwa mawe. Likishainuliwa hukaa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Pedi zikibaki milimita tatu hubadilishwa, na hubadilishwa zote za ekseli moja, si za upande mmoja. Pini ambazo kaliperi huteleza juu yake husafishwa na kupakwa grisi inayostahimili joto, kwa kuwa vumbi la Trans Nzoia huzigandisha na pedi moja ikaliwa huku nyingine ikibaki. Baada ya kufunga, pedali hukanyagwa mara kadhaa kabla gari halijasogea. Masta inayovuja, bomba lenye kutu na mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza ni vya fundi mwenye vifaa. Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kazi hiyo huhitaji chupa mpya, mpira mwembamba, spana moja na mtu wa pili wa kukanyaga pedali, na katika nyua za Tuwan vyote vinne hupatikana.